Duka la Kipenzi Chako

Wafanyabiashara wa mjini walimwita Bi Jicho, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kununua mali ya maduka yanayokufa. Duka likianza kupumua kwa shida, mwenye duka akachoka kufukuza nzi, huyo Bi Jicho anafika na kiti chake cha kukunja. Anatazama, anagusa, ananusa, kisha anataja bei moja tu. Wapo waliomwona kama tai anayengoja mzoga, naye hakuona tusi lolote. Kufa kufaana, alikuwa akisema, na mimi sijaua mtu.

Lakini jicho nalo huingia mchanga. Msimu uliopita alinunua shehena ya viatu vya shule kwa kufungua maboksi ya mbele tu. Mdogo wake, ambaye ndiye mshirika wake na mshika funguo za ghala, alipofungua ya nyuma alikuta viatu vya mguu wa kushoto vitupu. Mji ulicheka mpaka ukashika mbavu. Dereva wa pikapu waliyezoea kumkodi, mtu mwema ila mdomo wake hauna mlango, akamwongezea jina la pili: Mama Kushoto. Mdogo mtu hakucheka. Alimwambia kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake, "Dada, ukiniletea mbuzi kwenye gunia mara nyingine, tugawane ghala, kila mtu ashike njia yake." Bi Jicho alijua kwamba mdogo wake si mtu wa maneno ya kupita. Na ghala likigawanywa, yeye, akibaki na jicho bila mtaji, angekuwa bibi tu mwenye kiti cha kukunja.

Basi alipopata habari za duka la vitu vya wanyama wa nyumbani linalotaka kuuza mali yote kwa mkupuo mmoja, aliapa kupima mara mbili. Duka, kwa elimu yake, huuawa na maradhi matatu: mali mbovu, ulimi mbovu, au mahali pabovu. Hanunui kabla hajajua marehemu amekufa kwa nini. Maradhi ya ulimi na ya mahali humwishia mwenye duka mwenyewe, lakini maradhi ya mali humhamia mnunuzi mpaka ghalani.

Duka lilikuwa katikati ya mtaa wa biashara, kati ya muuza vioo na kinyozi, likitazamana na kibanda cha fundi cherehani ng'ambo ya barabara. Watu walipita mbele yake tangu asubuhi. Bi Jicho akafuta maradhi ya mahali kabla hata hajavuka kizingiti.

Wenyewe walikuwa mtu na mkewe. Mume alikuwa bwana mifugo wa serikali mpaka alipostaafu, na Bwana Mifugo ndilo jina aliloendelea kuitwa na wachache waliomjua hapo. Walikuwa wamehamia mtaani kutoka mbali, wakaweka kiinua mgongo chote dukani. Mke alikuwa mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kujifunga kitenge upya kila anapoanza kusema jambo.

"Karibu mama," alisema Bwana Mifugo. "Chunguza utakavyo, hakuna tulichoficha."

"Wote husema hivyo, baba," alijibu Bi Jicho, akakunjua kiti chake.

Dirisha la mbele lilikuwa na pazia zito, kwa sababu jua la mchana huozesha mafuta yaliyomo katika chakula cha mbwa. Hilo lilimpendeza. Alianza na magunia ya nyuma kabisa, maana somo la viatu lilikuwa bado bichi. Alibonyeza pembe za kila gunia kutafuta mabonge ya unyevu. Alifungua moja, akachukua punje ya chakula cha mbwa, akaitia mdomoni akaitafuna huku amefumba macho, mwenye duka akimtazama kwa mshangao. Mafuta yaliyochacha hayajifichi kwenye koo. Haya hayakuwa yamechacha. Akapindua makopo ya chakula cha paka, hakuna lililovimba wala lililobonyea. Akakunja mikanda ya shingo ya ngozi, haikupasuka. Akapitisha minyororo katika kitambaa cheupe, kitambaa kikabaki cheupe. Sabuni za kuua viroboto, brashi, mabakuli, vizimba vya ndege, mchanga wa paka, kila kitu kilikuwa kimepanguswa na kupangwa kwa mpango wa mtu anayependa kazi yake. Tarehe zote zilikuwa mbele sana. Hata paka wa dukani, aliyelala mlangoni kama mlinzi aliyelipwa kabla ya kazi, alikuwa na manyoya yanayong'aa.

Bi Jicho akaanza kuogopa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kizuri mbona kilikuwa kimekaa tu?

"Bei zenu zikoje?" aliuliza. Akatajiwa. Zilikuwa za watu wenye huruma.

Ikabaki ulimi. "Mna ugomvi na watu?"

Mke akajifunga kitenge upya. "Tugombane nao wapi, mama? Hawatukaribii. Tulipofungua nilipika, nikaalika majirani. Hakuja mtu. Tulikula wenyewe mpaka chakula kikachacha. Nikisalimia, wanaitikia wakitazama chini. Watoto wakitaka kuchungulia dirishani wanavutwa mkono kama wanaokota moto."

"Wateja hamna kabisa?"

"Wapo wenye magari, wale wenye mbwa wakubwa. Wanakuja, wanachukua, wanaondoka. Wa mtaani hakuna. Ilifika mahali nikaanza kujinusa. Nilidhani labda nanuka mbwa na mimi mwenyewe sijui. Siku hizi hata dukani sitoki, mume wangu ndiye anayekwenda sokoni. Bora tuondoke tu. Mtu hakai pasipomtaka."

Bwana Mifugo alikuwa anaangalia vidole vyake. Bi Jicho alitaja bei, naye akaikubali bila kubishana, wakapeana mikono kwamba pikapu ije alasiri. Mtu mwingine angetoka akipiga mluzi. Bi Jicho alitoka na wasiwasi, kwa sababu muuzaji asiyebishana ana jambo, na yeye bado hakuwa amelijua jambo lenyewe. Akavuka barabara, akaweka kiti chake kwenye kivuli cha kibanda cha fundi, akatoa gauni lililofumuka pindo. Kuuliza si ujinga, na hakuna mtu anayejua mtaa kama mwenye cherehani.

Fundi alikuwa mama wa makamo mwenye pini mdomoni. Alilipokea gauni bila kuinua macho.

"Nimekuona," alisema. "Umeingia mle asubuhi, umetoka jua limefika utosini."

"Nilikuwa natazama mali."

"Mtu mzima na mvi zako."

"Mvi na chakula cha mbwa vina udugu gani?"

Cherehani ikasimama. Fundi akatoa pini mdomoni. "Chakula cha nini?"

"Cha mbwa. Na cha paka. Wewe ulidhani wanauza nini?"

Fundi alitazama huku na huku, akasogeza kigoda chake karibu, akashusha sauti. "Mama, mimi nimesoma. Hebu geuka ulisome lile bango."

Bi Jicho akageuka. Asubuhi alikuwa amelipita bango hilo kama anavyopita mabango yote, kwa sababu hakuwa mnunuzi wa mabango. Sasa alilisoma. Juu, kwa herufi nyekundu za duara: KIPENZI CHAKO. Pembeni, moyo mkubwa mwekundu. Chini yake: Mahitaji yote ya kipenzi chako utayapata ndani. Na mlangoni, kwa herufi ndogo: Tunapima shingo bure. Usione haya kuuliza.

"Dirisha lina pazia zito," fundi alinong'ona. "Palipoachwa uwazi pametundikwa mikanda ya ngozi na minyororo. Wateja wenyewe wa magari makubwa, wanatoka na mifuko myeusi, hawasalimii mtu. Na hiyo shingo inayopimwa, shingo ya nani?"

"Ya mbwa, mwanangu."

"Sasa si wangesema?"

"Na paka mlangoni je, hukumwona?"

"Kila duka lina paka. Mimi pia ninaye, anakula panya." Fundi alitafakari kidogo, kama mtu anayeanza kusikia mguu umekanyaga pabovu. "Mchoraji alianza kwa kuchora mbuzi, kweli. Tukafurahi tukajua ni bucha. Kesho yake mbuzi kafutwa, kawekwa moyo. Tungefanyaje? Mimi nina mabinti wadogo."

Bi Jicho alicheka. Alicheka mpaka kiti cha kukunja kikalalamika. Mbuzi yule, bila shaka, alikuwa mbwa aliyeangukia mikononi mwa mchoraji asiye na bahati. Akapangusa machozi kwa gauni lililokuwa bado linashonwa, kisha kicheko kikamwishia katikati, kwa sababu hesabu ilikuwa imekamilika kichwani.

Mali haikuwa na ugonjwa. Ulimi haukuwa na ugonjwa. Marehemu alikuwa ameuawa na neno moja, tena neno zuri, na dawa yake ilikuwa kopo la rangi na mchoraji anayejua mbwa ana masikio gani. Tangu aanze kazi hajapata kuona mzigo safi kama ule kwa bei kama ile. Kule ghalani mdogo wake angefungua gunia la mbele na la nyuma, na asingekuta kitu cha kushoto popote. Kampuni ya ulinzi yenye mbwa tele ilikuwa tayari inangoja simu yake.

"Basi nenda ukawaeleze watu ni vitu vya mbwa," alimwambia fundi, nusu kwa utani.

"Wewe umeshanunua, lazima uwatetee," fundi alijibu, akarudisha pini mdomoni. "Tena si wanahama? Wahame salama."

Mtu akitaka kunyamaza hakosi hoja, na Bi Jicho alikuwa nazo kibao. Bei imekubaliwa kwa hiari. Yeye hakuandika bango. Wenyewe wamesema wanaondoka, na nani anamfuata msafiri njiani kumwambia arudi? Muuza maji hamwonyeshi mteja palipo na kisima. Hoja zote zilikuwa nzuri, alizipanga mstari zikasimama. Alipoiona pikapu inakata kona, alikuwa ameshaamua kufunga mdomo, akamlipa fundi wake na kuvuka barabara.

Ndani, mume na mke walikuwa wanafunga maboksi kwa utepe wa gundi. Mke alimletea maji ya kunywa kwenye trei, kama mtu anayemkaribisha mgeni na siyo mtu aliyekuja kumbomolea. Akajifunga kitenge.

"Mama, wewe umeona maduka mengi," alisema. "Naomba uniambie kitu kimoja, sitakasirika. Tulikosea nini?"

Swali hilo Bi Jicho alikuwa ameulizwa katika kila duka, na jibu alikuwa nalo tayari tangu ujana wake. "Biashara ni bahati, mama."

Mke alitikisa kichwa polepole. "Basi ni sisi," alisema, akaokota utepe akaendelea kufunga boksi.

Hakusema kwa kulia. Angelia, Bi Jicho angempa pole na kazi ikaendelea, maana machozi ameyazoea. Lakini mama yule alisema kama mtu aliyepokea majibu ya hospitali aliyokuwa akiyatarajia. Angeondoka na jibu hilo, angehamia mtaa mwingine, na huko pia angekuwa anajinusa. Bi Jicho aliona aibu, aibu hasa, ya kuchoma masikio, na akaweka bilauri chini bila kunywa.

"Acha hilo boksi. Njoo nje."

Alimshika mkono kama anavyoshikwa mtoto, akamtoa mpaka ukingo wa barabara, akamgeuza. "Soma. Usisome kama mwenye duka. Soma kama mama wa watu anayepita na wanawe."

Mke alisoma, midomo ikicheza. Mara ya kwanza hakuona kitu. Akarudia. Alipofika kwenye shingo, mkono wake ukapanda kifuani ukabaki hapo.

Bwana Mifugo alikuwa amewafuata. "Kuna nini? Bango lina kosa? Kipenzi ni mnyama wa nyumbani. Neno hilo limo hata vitabuni."

"Vitabuni ndiyo, baba," alisema Bi Jicho. "Huku barabarani kipenzi ni kipenzi. Watu wote hawa wanadhani mnauza mambo ya chumbani."

Mzee wa watu alilitazama bango lake kwa muda mrefu. "Jina nililichagua mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Ndivyo ninavyomwita yeye, nyumbani."

"Basi mtaa haukukosea kusoma," alisema Bi Jicho.

Mke hakuwasikia. "Hawakuwa wananichukia," alisema. Hakumwambia mtu. Alisema tena, "Kumbe hawakuwa wananichukia," akaingia barabarani moja kwa moja, bodaboda ikampigia honi, akapita.

Kutoka ng'ambo Bi Jicho na Bwana Mifugo hawakusikia kilichosemwa. Waliona tu mke wa Bwana Mifugo amesimama mbele ya cherehani, akieleza kwa mikono: hiki ni mbwa, hii ni shingo. Waliona fundi anatoa pini zote mdomoni, anasimama, anajifunika uso kwa gauni la mtu. Kisha wanawake wawili wakashikana mabega wakabaki hivyo, na haikujulikana kama wanacheka au wanalia, na pengine wenyewe hawakujua.

Bwana Mifugo alikohoa. "Mama," alisema, "neno nilishakupa na mkono tukapeana. Mali ni yako. Ukisema wapakie, wapakie."

Hapo ndipo Bi Jicho alipoona kwamba kusema kweli kulikuwa kazi nyepesi. Alikuwa amedhani akishafungua mdomo mzigo utajiondokea wenyewe, apate angalau raha ya kunyang'anywa. Kumbe mzigo ulikuwa bado wake. Pikapu imefungua mlango wa nyuma, dereva amekunja mikono ya shati, na huyu mzee mpumbavu, mwenye adabu ya kizamani, anangoja neno moja kutoka kwake. Alimkasirikia. Kwa nini asingebishana kama watu?

Wanawake walikuwa wanavuka. Mke wa Bwana Mifugo aliingia ndani wa kwanza. Fundi alifika kwenye kizingiti akasita, akatazama kulia, akatazama kushoto, ndipo akaingia. Haikupita muda sauti yake ikasikika kutoka nyuma ya pazia.

"Hii sabuni ya viroboto, paka mzee ataiweza?"

"Ataiweza. Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Paka wako."

"Paka," alisema fundi. "Aitwe nani tena?"

Na mke wa Bwana Mifugo akacheka. Mumewe alisimama pale barabarani ameinamisha kichwa, akisikiliza kicheko hicho kama mtu anayesikiliza redio iliyokuwa imeharibika siku nyingi.

Dereva alimsogelea Bi Jicho. "Tupakie, mama? Jua linakwenda."

"Hatupakii."

Dereva alimtazama, akatazama maboksi yaliyofungwa, na Bi Jicho akayaona macho yake yakianza kung'aa. Alijua maana yake. Kinachosemwa mbele ya mtu huyu kesho kinauzwa sokoni pamoja na nyanya, na usiku wa leo kingekuwa kimeshafika ghalani.

"Mali mbovu, eh?" aliuliza dereva. "Umeistukia safari hii?"

Njia ilikuwa hiyo hapo, imefunguliwa na mtu mwingine. Angeitikia tu kwa kichwa. Jicho lingerudishiwa heshima yake, mdogo mtu angesema dada sasa amekuwa makini, na ghala lingebaki moja. Ingebidi tu duka hili lipewe sifa ya kuuza chakula kilichooza, siku ileile lilipovuliwa sifa nyingine.

Bi Jicho alikunja kiti chake. Roho ilimuuma kweli, wala hakujidanganya kwamba haimuumi.

"Nzuri," alisema. "Sijawahi kuona mali nzuri kama hii."

"Na bei?"

"Bei ya bure."

"Sasa tunaiacha kwa nini?"

"Ina wenyewe."

Dereva alingoja aelezwe zaidi, hakuelezwa. Alianza kucheka akiwa bado anafunga mlango wa nyuma, akacheka akiwasha gari, na kabla hawajafika barabara kuu alikuwa ameshika simu sikioni, akimtafuta mdogo mtu.